Vidole Vitatu

Watoto wangu wananiita Mama Vidole Vitatu, na hawaniiti hivyo kwa mapenzi. Mtu akija kwangu Bunju ameshika shavu, awe fundi bomba au mkwe mtarajiwa, kabla sijamkaribisha maji namwambia afungue mdomo, apachike vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, katikati ya meno ya mbele. Vikiingia namwambia haya, nenda kamwone daktari wa meno wiki hii, usingoje. Visipoingia, siku hiyohiyo anatoka nyumbani kwangu kwenda hospitali, hata kama chakula kiko mezani. Krismasi iliyopita nilimnyanyua shemeji yangu katikati ya pilau, na hajanisamehe mpaka leo, ingawa jino lenyewe lilitolewa na usaha ukaonekana. Mie si daktari. Nimekuwa karani wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini maisha yangu yote ya kazi. Lakini mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na nne nilifundishwa kitu kimoja kuhusu taya la binadamu, na aliyelipia somo lile hakuwa mimi.

Nisingeandika haya kama Rukia asingenipigia simu mwezi uliopita. Binti yake, Nasra, anaolewa, na ametaka kuona mama yake alikuwaje usichanani. "Si nilikuwa mpambe wako kwenye sendofu?" Rukia alisema. "Mkanda wa video unao?" Nikamjibu kama ninavyomjibu kila mtu anayeuliza mkanda ule, kwamba uliota ukungu zamani, ukatupwa. Akacheka. "Muongo wewe. Baraka kamwambia Nasra ameshauhamishia kwenye flashi. Tunakuja Jumapili." Baraka ni mwanangu wa kwanza. Alikuwa ameukuta mkanda chini ya sanduku la mashuka, akaupeleka kwa fundi mjini bila kuniuliza, akidhani ananifurahisha. Nilikata simu nikakaa kwenye kiti cha jikoni, sufuria ya maharage ikaungua nami naitazama. Miaka ishirini na sita nilikuwa nimeuficha mkanda ule kwa sababu ya kipande kimoja tu, kipande cha keki.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba uani kwa kina Rukia, Mtoni, nyumba ya tatu kutoka barabara ya Kilwa. Mbele palikuwa na duka la baba yake; walikuwa watu wa asili ya Kiarabu, wakiuza viungo, mchele na mafuta ya taa tangu enzi za babu yao, na harufu ya karafuu ilikuwa imeingia mpaka kwenye mito yetu ya kulalia. Chumba changu kilipakana na jiko la uani. Dirisha langu halikuwa na kioo, lilikuwa na wavu wa mbu na pazia la kitenge, kwa hiyo lolote lililosemwa jikoni nililisikia, nitake nisitake. Mama yake, Bi Zuhura, aliniita mwanangu tangu wiki ya kwanza. Mie Mlutheri kutoka Upareni, wao Waislamu wa hapohapo, lakini Ramadhani nilifuturu nao, na Jumapili nikirudi kanisani nakuta Rukia kanifunikia sahani. Tulikuwa umri mmoja. Tulisukana, tuliazimana viatu, na nilipochumbiwa sikufikiri hata dakika moja nani atakuwa mpambe wangu. Shangazi zangu waliguna kidogo, mbona si mtu wa kanisani, nikawaambia kama hamumtaki Rukia basi tafuteni na bibi harusi mwingine.

Jino lilimwanza kwenye miezi ya mvua. Gego la mwisho, chini, upande wa kushoto. Kwanza ilikuwa fizi inawasha, halafu chakula kinamnasa, halafu akawa anatafuna upande mmoja. Bi Zuhura alimsagia karafuu akaziweka kwenye pamba. Jirani akasema maji ya chumvi. Fundi cherehani wa barazani akasema unga wa betri, Bi Zuhura akamfukuza na ufagio. Kwa wiki mbili maumivu yalikuja na kuondoka, mpaka asubuhi moja aliamka shavu limejaa, nikaomba ruhusa kazini nikampeleka kwa daktari wa meno, zahanati moja ndogo upande wa Temeke, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu. Alimpiga picha ya jino, akaishika kwenye mwanga tuione wote wawili. "Hili limelala," alisema. "Badala ya kupanda juu linamsukuma mwenzake. Na hapa juu yake kuna kipande cha fizi kimelifunika, chakula kinaingia chini yake kinaozea humo. Ndiyo maana linapoa, linarudi, linapoa, linarudi. Halitaacha." Akaeleza atakavyofanya, polepole, bila kutisha: sindano ya ganzi, atapasua fizi kidogo, jino atalikata vipande alitoe, halafu atashona nyuzi mbili tatu. "Utasikia nasukuma, hutasikia maumivu. Utavimba siku tatu nne. Baada ya wiki unakula ubwabwa." Kwanza amalize dawa za siku saba, azimalize zote hata akijisikia amepona siku ya pili, halafu arudi Alhamisi ya wiki ya tatu.

Alhamisi ile ilikuwa siku tisa kabla ya sendofu yangu.

Naomba nieleweke. Sendofu, sherehe ya kumwaga mwali kwao kabla ya harusi, si ya kwenda kula tu. Kwa wasichana wa wakati wetu ilikuwa siku moja ambayo ukoo mzima ulikaa ukumbini kukutazama wewe. Kamati ilikuwa imekutana miezi minne. Sare zilishashonwa, ya mpambe ilikuwa rangi ya maji ya bahari, na mpiga video alikuwa yule aliyesifiwa Temeke nzima. Shughuli za mpambe zilikuwa kukaa kushoto kwangu masaa yote, kunifuta jasho na kutabasamu. Nilihesabu zile siku tisa kwa vidole tukiwa tunashuka ngazi za zahanati, nikasema, "Je, uvimbe ukichelewa kushuka? Shavu likibaki hivyo? Si bora ungoje sherehe ipite, ukang'oe Jumatatu yake, hata mie nitakusindikiza?" Rukia alifikiri kidogo, akasema, "Kama dawa itatuliza, sawa." Hakubishana. Ndivyo alivyokuwa nami. Nikamshika mkono tukavuka barabara, na nakumbuka nilikuwa na furaha.

Dawa alizimaliza, shavu likashuka. Jumatano jioni, kesho yake ndiyo Alhamisi ya miadi, nilikuwa nimelala chumbani nasoma orodha ya wageni. Bi Zuhura alikuwa jikoni anakaanga samaki na Rukia anakatakata vitunguu. Nikamsikia mama anauliza, "Kesho unakwenda kung'oa saa ngapi?"

"Siendi. Eli kasema baada ya sherehe."

"Eli ni daktari?"

"Eli ndiye mwenye sherehe, mama."

Nikasikia samaki wakigeuzwa kwenye mafuta. Halafu Bi Zuhura akasema, "Haya. Mwili ni wako." Nilikuwa mbali nao hatua nne. Ningeweza kusimama, nikafunua pazia, nikasema Rukia nenda, mie nitakuwa na mpambe mwenye shavu moja kubwa na dunia haitaanguka. Sikusimama. Nililala palepale nikageuza ukurasa, na nilipoitwa kula nilikula samaki yule kwa raha zangu.

Jumatatu ya wiki ya sherehe maumivu yalirudi, na safari hii hayakukaa kwenye jino. Alionyesha taya, kona ya chini karibu na sikio, akasema mpaka kumeza kunauma. Mie nilikuwa na vidonge vya rangi mbili, sita, vilivyobaki nilipougua kifua, kwa sababu na mie dawa zangu sikuzimaliza. Kila nyumba ya Dar ina vidonge vya rangi mbili kwenye kikombe juu ya kabati. Ukivimba unapewa, ukikohoa unapewa, jirani akiumwa anagaiwa. Nikampa viwili kwa siku. Jioni nikachemsha maji, nikachovya taulo, nikamkanda shavu na shingo, kama mama zetu walivyotukanda. Alifumba macho, akasema, "Asante, Eli, hapo hapo." Nilijiona nauguza. Baadaye sana daktari alinieleza kwamba vidonge sita ni vya kuwasumbua wadudu tu, si vya kuwaua, na kwamba kukanda uvimbe wa namna ile kwa moto ni kuufungulia njia ushuke shingoni. Sikuyajua hayo. Lakini kulikuwa na daktari ghorofani, nusu saa kutoka nyumbani, anayeyajua, na mie ndiye niliyemzuia asiende.

Siku ya sherehe alipakwa poda nyingi. Ukumbi ulianza kujaa saa kumi jioni, ngoma zikapigwa, shangazi zangu wakaingia wakicheza, na Rukia alikaa kushoto kwangu katika ile rangi ya maji ya bahari, mgongo umenyooka. Kila nikimgeukia alitabasamu mdomo umefungwa. Nilidhani ni madaha. Hakunywa soda. Nilimwona anameza mate kwa kuinamisha kichwa mbele, mara moja, mara mbili, nikaangalia pembeni kwa sababu mpiga video alikuwa anakuja. Ikafika zamu ya keki. Kwetu mwali anawalisha wazazi, kisha wazee, kisha mpambe wake. MC akapiga makelele, "Sasa amlishe aliyemtunza!" Muziki ukapanda. Nikachoma kipande kwa uma nikakipeleka mdomoni mwa Rukia, na mdomo haukufunguka. Uwazi ulikuwa wa kidole kimoja, tena kidole chembamba. Nikaona meno yake ya mbele na kiza nyuma yake, nikaona jasho juu ya mdomo, nikaona shingo chini ya poda ilivyojaa na kung'aa. Nilimtazama machoni naye akanitazama. "Mpambe anaona haya jamani!" MC akasema, na watu mia mbili wakacheka. "Mlishe! Mlishe mpaka ashibe!" Nikaweka uma chini. Nikamega keki kwa mkono, nikaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikapita kati ya meno yake, halafu nikageukia kamera nikacheka.

Hicho ndicho kipande. Hakizidi sekunde kumi. Nimewahi kujiambia kwamba sikuelewa nilichokiona, na kwa miaka kadhaa nilikaribia kujiamini. Lakini mkanda ule niliutazama mara moja, peke yangu, mwaka wa kwanza wa ndoa, na sura yangu imo humo. Msichana yule ameelewa. Kwa nukta moja uso wake umeanguka, kisha ameuokota, akaendelea na sherehe yake. Nikautoa mkanda kwenye deki nikaufunga ndani ya shuka.

Asubuhi yake, Jumapili, saa moja na nusu, Bi Zuhura aligonga mlango wangu kwa viganja viwili. Rukia alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda ameinamia mbele, mate yanamtiririka kwenye kanga kwa sababu hawezi kuyameza. Alipojaribu kusema, sauti ilitoka nzito, ya mtu aliyejaza viazi vya moto kinywani. Tulimlaza garini akakurupuka, akilala hapati hewa. Kwenye hospitali tuliyompeleka alipokewa na daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, mwanaume mrefu aliyekunja mikono ya shati, na hakuuliza jina kwanza. Alimwambia Rukia, "Vidole vitatu mdomoni, mwanangu." Kikaingia kimoja, nusu. Akagusa chini ya kidevu, pamekaza, pagumu, akamgeukia nesi akasema chumba cha upasuaji kiandaliwe sasa hivi. Alitueleza akitembea. Usaha wa jino umeshuka chini ya ulimi na chini ya taya, pande zote mbili, unaisukuma njia ya hewa. Atapasua chini ya taya autoe, jino nalo litatoka, na kama hewa haitapita huenda akamtoboa kooni apate kupumua. Bi Zuhura alisimama mlangoni akishika fremu.

"Alipata dawa gani?" daktari aliuliza.

Rukia hakuweza kusema. Alinyoosha vidole sita.

"Sita tu? Nani alikupa?"

Mie nilikuwa upande wake wa kulia, hina ya jana bado mbichi mikononi, nimemshika mkono. Mama yake alikuwa anatutazama. Nilifungua mdomo wangu mzima, usiokuwa na ubaya wowote, na hakikutoka kitu. Rukia akauchomoa mkono wake kutoka kwangu, akajigusa kifuani kwa kidole. Mimi mwenyewe. Daktari akatikisa kichwa, akasema ninyi vijana mnajitibu mtakuja kufa, na wakamchukua.

Hakufa. Hewa ilipita, hawakumtoboa koo. Alikaa hospitali siku kumi na tisa na mirija miwili ya mpira ikitoka chini ya taya. Harusi yangu ilifungwa Jumamosi iliyofuata, kwa kuwa kamati ilishasema kadi zimetoka, na binamu yangu akavaa ile sare ya rangi ya maji ya bahari, imepunguzwa kiunoni. Nilikwenda wodini siku ya pili ya ndoa. Aliporudi nyumbani taya lilikuwa limekaza kwa kovu, na alipewa vijiti bapa vya mbao, vile wanavyokandamizia ulimi. Unavipanga, unavipachika katikati ya meno, unakaa navyo, na kila baada ya siku chache unaongeza kimoja. Alianza na vitano. Kazi ile niliichukua mie. Kila jioni nikitoka kazini nilipita Mtoni kabla ya kwenda kwa mume wangu, nikakaa na Rukia kwenye jiko la uani, nikampachika vijiti huku machozi yakimshuka kwa maumivu, nami nahesabu mpaka mia. Mume wangu alinuna, mama mkwe akauliza huyu ameolewa na nani. Miezi saba. Tuliishia vijiti kumi na saba, uwazi wa vidole viwili, na daktari akasema hapo ndipo patakapobakia. Siku ya mwisho Bi Zuhura alinipa doti ya kanga mpya kabisa, akanikumbatia, akasema, "Mwenyezi Mungu akulipe, mwanangu. Ndugu wa damu wasingefanya ulivyofanya." Kanga ile sijaivaa, wala sijaigawa. Bi Zuhura amefariki akiniombea dua.

Basi Jumapili wakaja. Rukia amenenepa vizuri, anavaa miwani, na mtandio wake anaubana mbele kufunika lile kovu chini ya taya, ingawa kwangu huwa anauacha wazi. Tulikula. Anakula kwa kijiko kidogo, amezoea, nyama anaikata mapema. Kisha Baraka akachomeka flashi kwenye televisheni. Nasra alicheka mavazi, akacheka nywele zangu, akacheka shangazi zangu wanavyoingia ukumbini. Keki ilipofika akasema, "Mama, nawe ulikuwa mshamba, unaona aibu kula keki!" Rukia akawatuma yeye na Baraka wakanunue barafu, ingawa friji langu lina barafu, na Nasra akamtazama mama yake, akachukua viatu bila kuuliza. Geti lilipofungwa Rukia alichukua rimoti akarudisha nyuma. Tukatazama tena, sie wawili, bila sauti.

"Hapo uliona," alisema.

"Niliona."

"Nami niliona kwamba umeona."

Nikayasema basi, yote, nikitazama zulia. Kwamba tarehe ya daktari niliizuia mie kwa ajili ya picha. Kwamba siku ile jikoni nilimsikia mama yake na nikanyamaza. Kwamba vidonge ni vyangu, na hospitali nilifunga mdomo nikamwacha abebe lawama. Nikasema nisamehe, Rukia, nikasema tena.

"Kwani unadhani nilisahau nani kanipa vidonge?" akasema. "Nilikuwa naumwa taya, Eli, siyo kichwa."

"Sasa mbona ulisema umejipa mwenyewe?"

"Mama alikuwa kasimama mlangoni. Ningekuonyesha wewe, angekutoa mule ndani kwa viatu. Na mie nilijua nakufa. Sikutaka kufa wewe haupo."

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kama mtu aliyepigwa. Aliniacha nikalia, akajaza chai kikombe chake, akakoroga.

"Lakini nilikukasirikia," akasema. "Tena sana. Miaka mitatu minne. Ulipokuwa unanipachika vile vijiti na kuhesabu, nilikuwa natamani nikung'ate."

"Mbona hukuning'ata?"

"Mdomo ulikuwa hautoshi."

Nikacheka katikati ya machozi, naye akacheka kile kicheko chake cha mdomo mdogo. Halafu akasema, "Lete mkono." Nikadhani anataka nipime, nione umefikia wapi siku hizi. Nikamnyooshea vidole, viwili vikaingia, cha tatu hakikuingia, akanitazama juu ya miwani, na akaning'ata. Hakunitania. Alining'ata kwa miaka yote ile, mpaka nikapiga yowe, na watoto wakaja mbio kutoka getini na mfuko wa barafu.

"Kuna nini?" Nasra akauliza.

"Hamna kitu," mama yake akasema, anajifuta mdomo kwa ncha ya mtandio. "Tulikuwa tunapima."